Kanda Iliyoandikwa Bado

Habari hii alinisimulia Agnesi, mama Celina, mwaka themanini, mwezi wa Kwaresima, tukiwa kwenye foleni ya sukari Mtaa wa Mchikichi. Yeye alitaka sukari ya uji wa mgonjwa wake, mimi nilitaka ya chai tu. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na sukari ikaishia kwa watu watano mbele yetu. Sikujuta. Alinieleza polepole, na kila alipofika mahali fulani alinyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akaendelea.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa nyuma yake, vita vimekwisha na vijana wameanza kurudi. Agnesi alitoka misa ya kwanza pamoja na wanawake wenzake kumi na mmoja wa kwaya, wote na gauni nyeupe na vitambaa vya bluu kichwani, wakashika njia kwenda Mtaa wa Sikukuu, dukani kwa Umakant. Walikuwa wanaenda kurekodi. Padri aliyewaanzishia kwaya ile alikuwa amerudi kwao Kibosho, mgonjwa, macho hayaoni tena, na waliotoka huko walisema hana siku nyingi. Wakasema, basi angalau asikie sauti zetu. Walichagua nyimbo tano. Wimbo wa tatu alikuwa anauanza Agnesi peke yake, mistari miwili mizima kabla wenzake hawajaingia, na mistari hiyo miwili alikuwa ameiimba kwa miezi mitatu juu ya masufuria, juu ya nguo anazofua, mpaka majirani waliijua.

Umakant alikuwa Mhindu wa Kariakoo hasa, aliyezaliwa mtaa uleule. Zamani aliuza santuri, na ziliposimama kuingia akabaki fundi redio. Nyuma ya duka alikuwa na chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro ya sufi na trei za mayai, na humo ndani mashine ya kurekodia, ile ya kanda kubwa za magurudumu mawili. Bendi nyingi za mitaani zilipita chumba kile.

"Shikamoo, Mzee Umakant."

"Marahaba, wanangu. Eh! Leo mmekuja malaika watupu, na mimi dukani sina mawingu ya kuwakalisha."

Walicheka wote isipokuwa Scholastika, kiongozi wa kwaya, ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi na hakuwa mtu wa kucheka kabla kazi haijaisha. "Ndugu Umakant," alisema, "zamu yetu ni saa nne. Saa nne ndiyo hii."

"Zamu ipo. Tatizo ni kanda. Mpya sijaiona tangu mwaka jana. Imebaki moja tu, na hiyo ina kitu juu yake. Lakini ni kitu ambacho hakikumalizika, msijali. Tutapita juu yake, kitafutika, mtakuwa nyinyi."

Akapanda kigoda, akatoa boksi kwenye shelfu ya juu, akalipuliza vumbi. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa kwa penseli ya bluu: Bado gita. Bado mwimbaji.

"Ya nani?" Agnesi aliuliza, basi tu, kwa kupitisha muda.

"Sikuandika jina. Miaka ile kila mtu alisema atarudi kumalizia. Wengine nawasubiri mpaka leo." Akaipachika kanda kwenye mashine. "Niisikilize kidogo kwanza, nisije nikakuta imekatika, halafu mkaimba bure."

Akabonyeza. Kwanza hapakuwa na kitu, vumbi tu la sauti. Kisha mtu akasema, karibu sana, kama yumo humo chumbani:

"Tayari, Sadalla? Isidori? Haya. Msinikimbize."

Agnesi alishika mlango. Ile ilikuwa sauti ya mumewe, lakini sauti ya kifua kizima.

Maana Elisaria, mumewe, wakati huo alikuwa nyumbani amelala, nyumba ya nne kutoka pale. Kifua kilikuwa kimemshika mwaka wa tatu sasa, na alisema maneno mawili, akapumzika, akasema mengine mawili. Zamani alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi iliyoitwa Sikukuu Jazz. Alikuwa mtu wa Machame, Mlutheri, aliyefundishwa tarumbeta kanisani kwao kabla hajavaa viatu. Agnesi ni wa Kibosho, Mkatoliki, na siku ya kuoana watu wa pande zote mbili walipiga kelele mpaka wakachoka wenyewe. Kanisa lake la Kilutheri, Agnesi alimwachia. Dansi hakumwachia. Miaka yote ya bendi hakutia mguu ukumbini hata siku moja, kwa sababu kwake dansi lilikuwa jasho na bia na wanawake wa watu. Nyumbani, Elisaria alipofanya mazoezi, alitia kitambaa kwenye mdomo wa tarumbeta ili wapangaji wasilalamike. Sauti aliyoijua Agnesi ni hiyo tu, kama nyuki ndani ya kibuyu. Na katika nyimbo za bendi zilizopigwa redioni, tarumbeta lilitokea mwishoni, chini ya magita, mara moja na nusu, likapotea. Daktari alipomkataza kupuliza, alilirudisha lile tarumbeta kanisani Machame kwa mkono wa shemeji yake. Kwa hiyo hakikubaki kitu.

Sasa kitambaa kilikuwa kimetolewa.

Agnesi aliniambia hajui kuieleza, akajaribu. Alisema sauti ilitoka wima. Haikuwa kubwa ya kuumiza masikio, ilikuwa kamili tu, kama maji ya kwenye ndoo ukiyatazama kabla hujayagusa. Chini yake besi ya Isidori ilikuwa inapanda, hatua moja, hatua moja, kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi akipanda mlima bila haraka. Na Sadalla hakupiga ngoma kwa vijiti, alikuwa anazipangusa kwa ufagio wa chelewa, shee, shee, shee, kama mtu anayepepeta mchele. Hapakuwa na gita wala mwimbaji. Walikuwa watu watatu, na katikati yao pamebaki peupe kiasi kwamba ungeweza kutandika mkeka.

Halafu tarumbeta likanyamaza.

Wanawake walidhani kanda imekwisha. Lakini besi ilikuwa bado inapanda, na ufagio unapangusa, na ukitega sikio ulimsikia mtu akivuta pumzi, pumzi ndefu, yenye mwanzo na mwisho. Kisha tarumbeta likarudi, chini kidogo ya pale lilipoishia.

"Mama wee," alisema Candida, mshonaji, aliyekuwa mwepesi wa maneno siku zote.

"Nakumbuka sasa," Umakant alisema. Alikuwa amekaa chini. "Mwaka sabini na tatu. Gari liliichukua bendi kwenda kijijini huko Chalinze, kutumbuiza wageni, likafia njiani. Walikuwa wamebaki hawa watatu mjini. Nikawaambia, umeme upo, kanda ipo, anzeni, wenzenu watakuja kutia gita na maneno hapo mlipoacha nafasi. Si unasikia? Hapo. Ameacha nafasi ya gita. Na hapo, ya mwimbaji. Fundi mzuri sana, ameacha kila mahali."

"Naye alisemaje?" Agnesi aliuliza.

"Elisaria? Alicheka tu, akaondoka. Unajua alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi. Kulikuwa na baharia, nilimtengenezea redio, akanilipa kwa santuri nne za ng'ambo. Mpulizaji mmoja mbele, nyuma yake besi na ngoma, basi. Hakuna piano, hakuna gita. Hakuna aliyezinunua. Mimi niliziita santuri za maskini, nikadhani mwenye bendi alikosa nauli ya mpiga piano." Akatikisa kichwa. "Mumeo alikuwa anazisikiliza amesimama, kofia mkononi, kama yupo msibani. Nikimwambia kaa, hakai."

Agnesi akakumbuka. Siku ile ya gari kufia njiani, Elisaria alirudi nyumbani mapema, uso unang'aa, akasema, "Leo tumepiga watatu, Mama Celina." Naye alikuwa anamenya ndizi. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Watatu? Kwani mlikuwa mnachimba kaburi?" Elisaria hakulitaja tena jambo lile.

Scholastika akakohoa. "Ndugu zangu, ni nzuri, nani atakataa. Lakini mwenyewe kasema haikumalizika, na imeandikwa hapo juu. Padri anatusubiri. Tuanze."

Umakant akanyoosha mkono kurudisha kanda mwanzo. Hapo ndipo Agnesi alipoelewa kwa mwili mzima kitakachotokea. Wakiimba wao, pumzi ile inafutika. Na mwenye pumzi ile amelala nyumba ya nne kutoka pale, hana nyingine kama hiyo ya kutoa, na hatakuwa nayo. Na aliyeomba zamu hii, akaifuatilia miezi mitatu, ni yeye mwenyewe.

"Ngoja, Mzee Umakant."

"Mama Celina," alisema Scholastika, "usituletee mambo ya nyumbani kwako hapa."

"Dada Scholastika, nipe dakika. Mzee, rudisha pale alipoacha nafasi ya kwanza. Tafadhali."

Umakant akarudisha. Tarumbeta likapanda, likafika, likanyamaza. Agnesi akafumba macho, na safari hii akaihesabu ile nafasi kwa kidole pajani. Na ghafla hakuwa Kariakoo. Alikuwa msichana wa miaka minane, amesimama juu ya korongo upande wa Kibosho, alfajiri ya Pasaka, baridi inauma miguu, na ng'ambo ya pili Walutheri wanapiga matarumbeta. Walikuwa wanapiga mstari mmoja, wananyamaza. Kwa nini wananyamaza? Kwa sababu korongo lilikuwa linaurudisha. Mstari ulishuka mpaka mtoni, ukagonga ukuta wa upande wa huku, ukarudi kwao taratibu, na mwalimu wao alikuwa amewafundisha wasipige wa pili mpaka wa kwanza umerudi wote. Sisi watoto wa Kikatoliki, Agnesi alisema, tulikuwa tunasimama katikati ya mstari unaokwenda na mstari unaorudi, tukaona kama mlima una koo.

Akafumbua macho. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyajua.

"Hii imekwisha," alisema.

"Imekwisha vipi na gita halijatiwa?"

"Hapo hapatiwi gita, Mzee. Hapo anasubiri korongo limjibu. Ndivyo wanavyopiga kwao. Ukitia kitu hapo umemkata mtu anayesikiliza." Akageukia wenzake. "Nyinyi wa Kibosho mnajua. Alfajiri ya Pasaka. Hamkumbuki?"

Scholastika alikuwa wa Kibosho, tena wa nyumba za juu ya korongo lilelile. Alitazama magodoro ukutani muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatikisika, si kwa sala, ni kama mtu anayehesabu.

"Rudisha, Ndugu Umakant," akasema hatimaye. "Ile nafasi ya kwanza."

Wakaisikiliza mara ya tatu, na mara hii hakuna aliyedhani kanda imekwisha. Walisimama ndani ya ile nafasi, wanawake kumi na wawili wa gauni nyeupe, wakaisikia inavyojaa. Agnesi aliniambia ilikuwa kama kusimama kanisani kabla padri hajaingia. Dar es Salaam hii tambarare, hakuna hata kichuguu, na yule mtu alikuwa amepiga tarumbeta kwenye chumba cha magodoro, akangoja mlima umjibu, na kwa namna fulani ulikuwa unamjibu.

"Siku ile nilisikiliza kama fundi tu," Umakant alisema kwa sauti ndogo. "Nasikia shimo, nangoja udongo."

Lakini padri naye alikuwa anangoja, na Scholastika hakulisahau hilo. "Sasa? Tumwambie mgonjwa kwamba tulikuja, tukasikiliza dansi, tukarudi nyumbani?"

Agnesi asingeweza kumnyang'anya padri sauti. Asingeweza kumfuta mumewe. Alisimama tu anasokota upindo wa kitambaa chake.

"Hawa watatu wamechukua kanda yote?" Candida akauliza.

"Hapana," Umakant alisema. "Kama dakika ishirini hivi. Mwishoni pamebaki patupu kidogo. Dakika nane, labda. Lakini nyinyi mna nyimbo tano."

"Mzee Umakant, mimi ni mshonaji. Mteja akileta kitambaa kirefu kuliko gauni, kinachobaki sikichomi. Nakata. Si una wembe?"

Umakant akamtazama kama mtu aliyekumbushwa jina lake. Kukata kanda na kuunga kanda ilikuwa kazi yake ya kila siku zikikatika, ila hakuwahi kukata nzima. Akaiacha ipige mpaka mwisho, na wote wakasubiri, mpaka tarumbeta likatoa mstari wa mwisho, likanyamaza, na besi na ufagio navyo vikalingojea kidogo, vikanyamaza pia. Ikasikika sauti ya Elisaria, mbali na maikrofoni, akisema, "Basi. Imetosha." Umakant akahesabu vidole vitano kwa usalama, akasimamisha mashine. Akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Akapuliza vidole kama vinaungua. Wakati anakata, Agnesi aligeuza uso ukutani.

Kipande kilichobaki kilikuwa cha nyimbo mbili. Scholastika akachagua, kwa haki yake ya kiongozi, wa kwanza na wa tano. Wa tatu, ule wa mistari miwili ya Agnesi, hakuutaja. Akamwangalia Agnesi aone atasema nini.

"Ni sawa, dada," Agnesi alisema.

"Na uimbe kwa nguvu," Scholastika akajibu. "Usije ukaimba kama mtu aliyekwisha pata chake."

Wakaimba. Na katika wimbo wa tano, mwisho wa kila ubeti, Scholastika aliinua mkono wake wote, akawazuia kidogo kuliko walivyozoea, kama mtu anayengoja kitu kirudi. Hakuwaeleza. Hakuna aliyemwuliza.

Mchana wenzake walipotawanyika, Scholastika na kipande cha padri mkononi, Umakant alifunga duka, akabeba mashine kifuani kama mtoto, na Agnesi akabeba kanda na boksi lake. Elisaria alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mito mitatu mgongoni, dirisha wazi. Alipomwona Umakant mlangoni na mashine, alijaribu kuinuka.

"Tulia, bwana mkubwa," Umakant alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuwekea nafasi ya gita miaka sita, halikuja."

Agnesi akampa boksi. Elisaria akasoma yale maandishi ya penseli ya bluu, polepole. Kicheko kikamjia, kikamgeukia kikohozi, akakohoa, akacheka tena, mpaka Agnesi akamshika mgongo.

"Bado mwimbaji," alisema alipopata pumzi, akijigonga kifua kwa kidole. "Umakant. Mwimbaji... alikuwa hapa hapa."

Wakachomeka mashine. Sauti ikatoka: Tayari, Sadalla? Elisaria akafumba macho. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vikaanza kwenda juu ya shuka, vikibonyeza vitu ambavyo havipo, sawasawa, bila kukosea. Tarumbeta liliponyamaza, navyo vilisimama, akainua kimoja, kidogo tu. Ngojeni.

Agnesi alikaa chini kando ya kitanda. "Baba Celina. Mimi sikujua."

"Nilipiga... na kitambaa," Elisaria alisema. "Ungejuaje."

"Nilikujibu vibaya siku ile. Ya kaburi."

"Ilinichekesha. Nilimwambia Isidori." Akapumzika. "Yuko wapi siku hizi?"

"Isidori yuko Arusha. Sadalla anakaanga samaki Feri. Nitamwita aje asikie."

"Mwite. Mwambie... ufagio wake mzuri."

Wakasikiliza yote, kisha Umakant akarudisha mwanzo bila kuambiwa, wakasikiliza tena. Joto la alasiri lilikuwa limejaa chumbani. Huko nje mtu alikuwa anatwanga, halafu akaacha. Kabla ya mara ya pili kwisha, vidole vya Elisaria vilikuwa vimelala juu ya shuka, kichwa kimeegemea dirisha. Umakant naye, kwenye kiti, kidevu kikamshuka kifuani, mikono imekumbatia tumbo.

Kanda ikaisha, ncha yake ikawa inapiga mashine, tap, tap, tap. Agnesi akainuka, akaizima. Ukimya ulipoingia alisikia pumzi ya mumewe. Ilikuwa ileile, aliitambua sasa, fupi zaidi, yenye mikwaruzo, lakini yenye mwanzo na mwisho. Ikaenda. Kukawa na nafasi. Ikarudi. Akakunja kitambaa chake cha bluu, akakiweka chini ya shavu, akajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda. Ikaenda tena, naye akangoja bila hofu, ikarudi. Hakujua ni ya ngapi alipopitiwa na usingizi, akiwa bado anaisikiliza ikija.